Nyonga ya Pili: Mama Ameulizwa?

Somo: Yohana 5:1-9

Wapendwa, chukua mama wa miaka 80. Nyonga ya bandia aliyowekewa zamani imelegea, na hapa kwetu Kilungu ni milima tu. Daktari anasema ibadilishwe. Watoto wanapiga hesabu: kwani amebakisha miaka mingapi?

Tuseme ukweli, upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ya zamani lazima ing'olewe, mfupa umepungua, damu inapotea zaidi na hatari ya maambukizi hupanda. Kuuliza gharama si dhambi (Luka 14:28). Lakini mimi niliyesomea biashara nakwambia: mzazi si gari la kushuka thamani. Katika Marko 7 Yesu anakataa hata sadaka iwe kisingizio cha kumnyima mzazi.

Kosa lingine ni kumlazimisha apasuliwe ili majirani wasiseme ametupwa. Hapo mnatafuta heshima yenu, si yake.

Pale Bethzatha Yesu alikuta mtu aliyeugua miaka 38, na kwanza alimwuliza kama anataka kupona. Mwenye uwezo wote aliuliza! Basi kabla ya harambee, kaa na mwaitu, umweleze faida na hatari kwa Kikamba, polepole. Akikubali, uza mbuzi. Akikataa, usiseme hana imani; Yakobo alichechemea akiwa amebarikiwa (Mwanzo 32). Mtafutie mkongojo na dawa ya maumivu, na Jumapili umlete kanisani. Amina.