Dominika ya Kwanza ya Majilio, Mwaka A: Tutatoka Kumlaki Bwana



Ndugu wapendwa, katika Injili ya leo (Mt 24:37-44) watu wawili wako shambani: mmoja anatwaliwa, mwingine anaachwa. Mwaka 2025 maneno hayo yaliwatisha wengi. Mhubiri wa hapa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alitangaza kwamba unyakuo ungetokea tarehe 23 au 24 Septemba. Siku zikapita. Ikatajwa tarehe nyingine ya Oktoba, nayo ikapita.

Tusicheke. Hapa Jeppestown mama mmoja wa kwetu aliuza cherehani yake, akisema huko aendako haitamfaa kitu. Leo anashona kwa mashine ya kuazima, na amekubali tuseme habari hii. Mtoto mwingine alitoka shule akakuta mlango umefungwa, mama amechelewa sokoni. Akalia pale mlangoni, akidhani wote wamenyakuliwa na yeye ameachwa. Kwa familia zetu zilizotawanywa na vita usiku mmoja, kuachwa si hadithi.

Lakini tusome vizuri. Bwana anatoa mfano wa siku za Nuhu. Siku zile waliochukuliwa ni waliosombwa na maji. Aliyebaki ni Nuhu.

Kanisa linafundisha nini? Kila Dominika tunakiri kwamba Kristo atarudi katika utukufu, awahukumu walio hai na waliokufa. Atarudi waziwazi, mbele ya wote. Fundisho la ujio wa siri, wa kuwatoa wateule kabla ya dhiki, lilienezwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ikalisambaza zaidi. Katekisimu yetu (namba 675) inasema kwamba Kanisa lenyewe litapita katika jaribu la mwisho. Bwana hakuahidi kutuondolea msalaba. Aliahidi kuwa pamoja nasi.

Basi Mtakatifu Paulo alimaanisha nini aliposema tutanyakuliwa (1 Thes 4:13-18)? Wathesalonike walikuwa wanaomboleza, wakihofu kwamba wafu wao wataikosa siku ya Bwana. Paulo anawafariji: wafu watafufuka kwanza, ndipo sisi tutaungana nao. Hii ni barua ya kufariji wafiwa, si ratiba. Ni barua yako wewe uliyemzika mzazi wako kwa simu, kwa sababu hukuwa na karatasi wala nauli ya kwenda Bukavu au Kigoma.

Tena Paulo anasema tutakwenda kumlaki Bwana. Kumlaki mgeni tunakujua. Ndugu akija kwa basi, tunakwenda Park Station, tunabeba mizigo yake na kurudi naye nyumbani. Hatuendi pale ili tupande basi na kuondoka. Ndivyo ndugu wa Roma walivyotoka kumlaki Paulo mwenyewe njiani, naye akaingia mjini (Mdo 28:15-16).

Tujihadhari na kila anayetuletea tarehe. Kule Kanungu, Uganda, viongozi waliotoka katika Kanisa letu walisema dunia ingeisha 31 Desemba 1999. Waumini walikuwa wamekwisha kutoa mali zao. Tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Shakahola, Kenya, kuanzia mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Lakini Bwana alisema saa ile hakuna aijuaye, hata malaika (Mt 24:36).

Kukesha basi ni nini? Ni kuungama, kupatana na jirani, kulipa karo, kumtembelea mgonjwa. Atakayekuja atukute kazini, mikono yetu ikiwa kwa wenzetu.

Wazazi, jioni ya leo kaeni na watoto. Waambieni kwamba Yesu hamsahau mtoto mlangoni. Na baada ya Misa, Jumuiya zetu zitaanza mchango wa kumnunulia mama yetu cherehani nyingine. Anayemngojea Bwana bado ana nguo za kushona.

Mungu awabariki. Amina.