Rangi ya Ua Lililo Kivulini

Mpiga picha akiingia msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, akampiga picha mzee aliyevaa kanzu nyeupe, kamera isiyorekebishwa humwonyesha kanzu yenye ukijani. Jicho la mpiga picha halikuuona ukijani huo. Ubongo ulikwisha kuufuta.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, aliliona jambo hili kabla ya kamera kuwapo. Katika Kitab al-Manazir alieleza jinsi kijani cha mimea iliyopigwa na jua kinavyotua kwenye nguo nyeupe zilizo karibu.

Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka iambiwe. Jua la mchana hupimwa takriban kelvini 5,500, kivuli chini ya anga la buluu mara nyingi hupita 7,000, na mshumaa hata 2,000 haufiki kwa urahisi. Chini ya majani kelvini peke yake haitoshi, kwa kuwa hupima safari ya buluu kwenda manjano tu, na ukijani huhitaji marekebisho yake. Basi mpiga picha huweka kadi ya kijivu kwenye mwanga uleule na kuiapia kamera kwamba kitu hiki hakina rangi. Rangi nyingine zote husimama juu ya ushahidi huo mmoja.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alikusanya katika nchi ya Usambara, ambamo Lushoto imo, ua dogo la urujuani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Leo linapamba madirisha duniani kote. Kwao, hata hivyo, huota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini. Kadi ikitumika, picha hulionyesha kama lingeonekana dirishani Ulaya. Je, hiyo ndiyo rangi yake halisi, ilhali pale mwambani haionekani hivyo?

Galileo, mwaka 1623, alisema rangi hukaa ndani ya mwenye kuona. Alivuka mpaka: ua hili hufanya jambo lilelile kwa kila mwanga unaolifikia, na jambo hilo ni lake. Mtaalamu wa mimea anayelinganisha maua ya Amani, upande wa mashariki wa Usambara, na ya Lushoto ana haki ya kudai kadi. Lakini anayetaka kuonyesha ua likiwa kwao msituni aiache kadi pembeni mwa picha, bila kusahihisha, nayo ikiwa imepakwa ukijani wa msitu.