Usiku Mmoja Meru

Wengi wanaojiandaa kwa siku nyingi za Kilimanjaro huanzia Mlima Meru, mita 4,562, pale Arusha. Huko unaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati hawana mzaha. Kutoka kambi ya Saddle, mita 3,570, watu huondoka kwenda kileleni kama saa nane za usiku: taa kichwani, majivu ya volkano yakiteleza chini ya soli. Hapo ndipo kiatu kinachobana kisigino hujulikana. Dukani, jamani, kila kiatu kinatosha! Mapafu nayo huanza kuzoea hewa haba. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikianza, usijikaze kisabuni. Mwambie mwongozaji mapema, mteremke. Kilele hakihami.