Waliobaki Shuleni

Palikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali mjini Tanga, si mbali na bahari, aliyeipenda kazi yake kwa moyo wote. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini, na daftari lake la mahudhurio lilikuwa na watoto 44. Walifika Januari wengine wakiwa hawajui kushika penseli, wengine wakimlilia mama hadi saa nne. Kufika mwezi wa tano walikuwa wametulia. Walijua nyimbo za asubuhi, walijua nani anakaa na nani, na foleni ya uji waliipanga bila kusukumana sana. Mwalimu akaona wakati umewadia wa kuwapa jambo la kukumbuka: ziara ya Mapango ya Amboni.

Wazo lilikuwa zuri. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani namsimanga mwalimu yule. Amboni iko kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, njia ya kwenda Horohoro, na bado kuna watoto wa Tanga wanaomaliza shule ya msingi bila kuiona. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Ndani mna giza ambalo mtoto wa mjini hajawahi kukutana nalo. Popo wananing'inia juu, njia zinabana mpaka mtu mzima anainama, na mwongozaji akimulika ukuta kwa tochi anakuonyesha mwamba huu umekaa kama mamba, ule kama meli. Kuna pia mahali ambapo watu bado wanakwenda kufanya matambiko yao. Mtoto akitoka mle atazungumza wiki nzima, na katika darasa la kwanza kuzungumza ni nusu ya kusoma. Mtaala ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulisimama juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, lakini mtoto hahesabu hewa. Anataka kitu alichokiona, na mwenzake awe amekiona pia, ndipo wabishane.

Mchango ukapangwa shilingi 6,000 kwa kila mtoto: kosta ya kukodi, kiingilio, mwongozaji, juisi na andazi. Barua ikatoka Jumatatu, na safari ikawa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, shule za msingi za serikali hazitozi ada. Mwalimu mkuu, mtu makini, hakutaka mzazi aje kulalamika kwamba michango imerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kwenye barua wakaandika kuwa mchango ni wa hiari, wakapigia mstari. Kwa maana ya karatasi hapakuwa na kosa lolote. Ila hiari yenyewe ilikuwa ya mzazi. Mtoto wa miaka sita hakuwa na hiari yoyote katika jambo lile. Alichokuwa nacho ni habari, aliyoisikia kila siku kwa siku kumi, kwamba darasa letu linakwenda Amboni.

Mmoja wa watoto hao alikuwa mwana wa mama muuza vitumbua. Ijumaa ile mama yake aliacha moto wake kwa jirani na kufika getini saa moja na robo, mtoto mkononi. Mtoto sare yake imepigwa pasi, viatu vimepakwa mafuta, chupa ya maji imefungwa kamba na kuvikwa shingoni. Kosta ilikuwa inaunguruma tayari.

"Shikamoo mama," mwalimu alisalimia, orodha mkononi.

"Marahaba mwalimu. Nimekuja na elfu nne." Akafungua pindo la kanga, nyingi zilikuwa sarafu. "Mbili nakuletea jioni nikishauza, wallahi sikudanganyi."

"Mama yangu, orodha tuliifunga jana. Viti vyote vina watu. Tutaangalia safari nyingine, Mungu akipenda."

Mama hakubishana. Alizifunga tena sarafu zake, akamwambia mwanawe akae na wenzake, akarudi kwenye vitumbua vyake kabla havijaungua. Mtoto alisimama pale na chupa yake mpaka kosta ilipokata kona.

Waliokwenda walikuwa 27. Waliobaki, 17, walikabidhiwa kiranja wa darasa la sita, msichana mpole ambaye naye alikuwa na masomo yake. Akawaandikia irabu ubaoni, wakazinakili. Walipomaliza akawaambia wazinakili tena. Saa nane mchana kosta ikarudi ikiimba.

Hadi hapo msomaji anaweza kusema: sawa, siku moja imepita, mtoto atasahau. Nami ningesema hivyo kama mambo yangeishia Ijumaa. Lakini mwalimu yule alikuwa mwalimu mzuri, na mwalimu mzuri haachi ziara ipotee bure. Jumatatu akawataka watoto wasimulie walichokiona. Jumanne wakahesabu: popo watatu kwenye ukuta huu, popo wawili kwenye ule, jumla wangapi? Jumatano ubaoni kukawa na sentensi tatu, ya kwanza ikiwa "Tuliona popo." Darasa zima likasoma kwa sauti, kidole cha mwalimu kikifuata maneno. Wote 44 wakasema waliona popo. Alhamisi wakachora. Wiki nzima ya masomo ikajengwa juu ya kitu ambacho watoto 17 hawakuwa nacho, na kadiri mwalimu alivyozidi kufundisha vizuri ndivyo wale 17 walivyozidi kuwa nje. Wakati huo wote hakuna aliyewanyima somo kwa makusudi.

Kisha ikaja picha. Mwongozaji aliwapiga wakiwa mbele ya mlango wa pango, mwalimu akaisafisha kwa fedha yake mwenyewe, akaibandika ukutani juu ya kabati la vitabu na kuandika chini yake kwa herufi kubwa: DARASA LA KWANZA. Ilikaa pale hadi shule zilipofungwa Desemba.

Mwana wa muuza vitumbua alijaribu njia yake. Zamu yake ya kusimulia ilipofika alisema yeye aliona simba ndani ya pango, simba mkubwa, akamkimbiza. Darasa likaangua kicheko. "Muongo! Wewe hukwenda!" Aliyesema hivyo alikuwa jirani yake wa dawati, na alipigwa kwa chupa ya maji kichwani. Mwalimu hakuwa na la kufanya ila kumsimamisha mpigaji kwenye kona. Siku ile mtoto alijifunza kwamba maneno yake darasani hayana nafasi, na hakusimulia tena jambo lolote mpaka mwaka ukaisha.

Baada ya hapo tumbo likaanza kuuma, zaidi asubuhi. Mama akampeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo, akanywa, tumbo likaendelea. Halafu zikaja siku anatoka nyumbani na mkoba na shuleni hafiki. Mvuvi mmoja alimkuta ufukweni amelala kivulini chini ya ubavu wa ngalawa iliyopandishwa, akamrudisha kwao. Mjomba akamchapa. Kwenye daftari la mahudhurio mistari yake ikajaa alama za kutokuwapo, na mwisho wa mwaka, kwenye fomu ya ripoti, palipoandikwa maoni ya mwalimu wa darasa, pakaandikwa "mtoro, hana bidii". Mama alisomewa fomu ile na binti wa jirani. Kati ya Ijumaa ya getini na neno lile, hakuna mtu aliyeunganisha.

Mimi naamini jambo hili lingekuwa jepesi kama mtoto angekuwa darasa la tano. Wa darasa la tano akibaki anaumia, lakini anajua sababu: nyumbani hapakuwa na fedha. Anaweza kuikasirikia fedha. Wa darasa la kwanza hana hesabu hiyo. Anachokiona ni kwamba wenzake wameitwa kwa majina na yeye hakuitwa, na kwa akili yake ya miaka sita sababu haiwezi kuwa kitu kingine ila yeye mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza ndio mwaka anaoamua, bila kumwambia mtu, kama shule ni kwao au ni kwa watu. Ziara, wageni wa darasa, michezo ya pamoja, siku ya wazazi, vyote hivyo tunavifanya ili aamue kuwa ni kwao. Vikifanywa vibaya vinamsaidia kuamua kinyume, tena haraka kuliko somo lolote.

Na si ziara peke yake. Kila 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakidai elimu ya haki. Tazama nani wanapangwa mstari wa mbele kuimba, na nani wanawekwa nyuma kwa sababu sare imechanika. Tazama siku ya kuleta chakula cha pamoja, ambapo kila mtoto anafungua bakuli lake mbele ya wenzake. Tazama shule ambapo keki ya siku ya kuzaliwa inakatwa darasani, mwaka mzima, kwa watoto walewale wachache.

Usalama tumejifunza kuuliza, na tulijifunza kwa uchungu. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi lililowachukua wanafunzi kwenda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine lilitumbukia korongoni. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Shule yetu ya Tanga haikusahau. Mwalimu mkuu alikagua leseni ya dereva kwa macho yake, akazunguka kosta akitazama matairi, akakataa katakata mtoto yeyote kusimama au kupakatwa. Alifanya vema sana, na kila mwalimu mkuu angefanya hivyo. Orodha ya waliopanda ilihesabiwa mara tatu: kwenda, pangoni, kurudi. Orodha ya waliobaki haikuwapo.

Habari hii ya waliobaki ilikuja kujulikana Februari ya mwaka uliofuata, kwenye kikao cha wazazi, na ilijulikana kwa bahati. Ajenda ilikuwa utoro wa madarasa ya chini. Mama muuza vitumbua alisimama, akaomba radhi kwa wakubwa waliokuwepo, akasema yeye si mtu wa kusema vikaoni.

"Mimi mwanangu mnamwita mtoro. Sawa. Lakini mwaka jana mngeniambia mwezi wa kwanza kuwa mtawapeleka watoto Amboni, ningeleta mia tano mia tano, mpaka mwezi wa tano nimemaliza na chenji inabaki. Mliniambia siku kumi. Siku kumi mimi natoa wapi elfu sita?"

Kimya kikaingia. Halafu mzee mmoja wa kamati ya shule, aliyekuwa karani wa reli kabla ya kustaafu, akauliza kosta ilikuwa na viti vingapi. Mwalimu wa darasa akajibu: 29, viwili vya walimu.

"Na watoto walikuwa 44."

"Ndiyo, mzee."

"Basi hata wote wangelipa, mngewaacha 17."

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kuipiga hesabu ile. Aliposikia bei ya kosta alijua moyoni kwamba si wote watakaolipa, kama ambavyo sote tunajua, na akakodi gari la kuwatosha wale aliowategemea pamoja na walimu wawili. Kubaki kwa wengine kulipangwa siku gari lilipokodiwa, kabla barua haijaandikwa. Na Amboni ni kilomita 8. Kosta ileile ingeweza kwenda, ikashusha, ikarudi kuchukua waliosalia, na wote wakawa pangoni kabla ya saa nne. Gharama iliyoongezeka ingekuwa mafuta na kiingilio cha watoto 17, kitu ambacho wazazi wachache wenye uwezo, au wenye maduka wa mtaa ule, wangechangishwa kikaisha kabla kikao hakijafungwa.

Walizungumza hadi adhana ya alasiri. Wakakubaliana kwamba darasa la kwanza halitoki nje ya geti kama daftari la mahudhurio lote halitoki. Fedha zikipungua, safari inafupishwa, watoto hawapunguzwi. Ziara ya kwanza ya mwaka itakuwa ya miguu, kwenda soko la samaki la Deep Sea, ambako mtoto anaweza kumwona changu na pweza akipimwa kwenye mizani, na kumuuliza mvuvi alitoka saa ngapi usiku. Kwa sehemu zisizofikika kwa miguu, mgeni ataletwa darasani: nesi wa zahanati, fundi wa ngalawa, bibi wa kusimulia hadithi. Amboni itakuwa mwezi wa sita, tangazo litatoka miezi kadhaa kabla, mchango utapokelewa hata kwa mia mbili mbili, na kosta itakwenda mara mbili. Picha itapigwa shuleni siku ambayo wote wapo.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyeandika maazimio hayo, kwa mkono wake, na mwaka ule aliyatekeleza yote. Watoto wake wapya waliingia pangoni wote, kasoro mmoja aliyelazwa hospitali ya Bombo kwa malaria, ambaye mwongozaji alimwekea nafasi ya bure na mwalimu akampeleka mwenyewe Jumamosi moja baada ya kupona.

Mwana wa muuza vitumbua alikuwa amepanda darasa la pili, na darasa la pili halikuwamo kwenye maazimio.