Mwanagenzi na Siri za Watu

Kulinda siri si sawa na kulinda mali. Mlinzi wa ghala la kahawa aweza kukesha msimu mzima asijue gunia lipi ni la nani, wala ujinga huo haumpunguzii kitu. Mlinzi wa siri hana bahati hiyo. Ili ajue kama mlango umefungwa vema hana budi kuujaribu, na pengine mlango aujaribuo hufunguka, akaona yaliyomo.

Hiyo ndiyo hali ya vijana wasomeao usalama wa mtandao katika vyuo vikuu vya Tanzania, kama kile cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Likizo ndefu ifikapo hupelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika mabenki, maofisi na mahospitali. Huambiwa wapime maneno ya siri ya watumishi, na wakague ni nani aruhusiwaye kufungua jalada lipi katika kompyuta. Mshahara pengine hawapewi, lakini hupewa ufunguo ambao karani wa miaka 20 kazini hajapata kuushika. Huaminiwa kabla ya kujaribiwa.

Na adhaniwe kijana mmoja wa Izigo, kata ya wilaya ya Muleba, kusini mwa mji wa Bukoba, aliyepelekwa katika hospitali ya mkoa wa kwao. Siku moja, akikagua majalada yaliyoachwa wazi kwa uzembe, aliona jina la baba yake mdogo, na chini yake imeandikwa kuwa ana virusi vya UKIMWI. Mama yake mdogo, kwa kadiri kijana ajuavyo, hana habari. Afanyeje?

Katika Kagera swali hili si la vitabuni. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walionekana katika mkoa huo mwaka 1983. Ugonjwa ulitajwa kwa lakabu, na walioupata walizikwa kwa minong'ono kabla ya kuzikwa kwa udongo.

Sheria humsaidia kijana kidogo tu. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu aingiaye katika kompyuta pasipo ruhusa, naye aliruhusiwa. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, huhesabu habari za afya kuwa nyeti, ikamfunga kinywa. Ile ya UKIMWI ya mwaka 2008 humtaka mwenye virusi amwarifu mwenzi wake, lakini wajibu huo uko juu ya mgonjwa, si juu ya mtoto wa nduguye.

Wako watakaosema kwamba uhai ni mkubwa kuliko siri. Hoja hiyo ina nguvu, na aidharauye hajapata kuwa na mama mdogo. Walakini kijana hakujua, aliona tu. Jalada lililotazamwa kwa dakika moja halimwambii kama mke amekwisha elezwa. Wala halimwambii kama mume anakunywa dawa hata virusi vimefubaa kiasi cha kutomwambukiza mwenziwe. Ajuaye hayo ni tabibu. Basi na aende kwa msimamizi wake, kisha kwa tabibu, aseme kuwa jalada lilikuwa wazi na kwamba yeye ameliona, japo ungamo hilo huenda likamharibia alama zake chuoni. La kumwambia mke au kutomwambia ni la wale wenye kazi hiyo.

Lakini jaribu lililo kubwa zaidi ni la kesho yake. Ufunguo ungali mkononi. Aweza kulitafuta jalada la mama mdogo, si kwa ubaya, bali kwa mapenzi, apate kujua kama naye amepimwa. Kutazama kwa kwanza kulikuwa ajali. Kwa pili ni wizi, kwa maana ruhusa ilikuwa ya kitasa, haikuwa ya kilichomo. Siri nyingi huvunjwa na wapendao kuliko wachukiao.

Wahaya wa zamani walipofunga undugu wa damu, uitwao omukago, wawili waligawana buni za tunda moja zilizopakwa damu, wakazila. Tabibu naye ana kiapo cha kale kinachohusishwa na jina la Hippocrates. Mwanagenzi wa kompyuta hutia sahihi karatasi, tena mara nyingi pasipo kuisoma.

Kisha atarudi Izigo, na mama mdogo atamwuliza aliyoyaona mjini. Akisema hakuona kitu, ni uongo. Akisema hawezi kusema, amekwisha sema. Njia moja tu imebaki, nayo huanza mapema: tangu wiki ya kwanza akatae kusimulia hata majalada yasiyo na neno, ya watu asiowajua, kwa kila aulizaye, mpaka jamaa wazoee kukataa kwake. Hapo akiulizwa juu ya hili moja, kukataa kwake hakutakuwa jibu.