Kwanza Moyo Utulie

Siku ya soko Lukozi, viazi na kabichi vinapopakiwa kwenda Dar es Salaam, angalia mapatano yanavyokwenda. Lori linanguruma, mnunuzi ana haraka. "Ongeza, mama, ongeza!" Viazi vinapandishwa juu ya gunia lililokwisha kujaa, kisha linashonwa na nundu yake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inaikataza, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Hata anayelijua hilo, mara nyingi husema "haya".

Hilo "haya" limenisumbua kwa muda mrefu, maana chanzo chake si akili. Mtu akibanwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mwili wote unataka jambo moja tu: adha hii iishe. Kukubali kunaimaliza upesi. Nasi majumbani tunashonewa lumbesa zetu: mchango wa harusi usio na ukomo, udhamini wa mkopo wa kausha damu, simu ya usiku wa manane inayotaka jibu papo hapo.

Ipo neva iitwayo vagusi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Mwaka 1921 Otto Loewi, akitumia mioyo ya vyura, alionyesha kuwa neva hiyo hutoa kemikali inayoupunguzia moyo mwendo. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, unaipa neva hiyo nafasi ifanye kazi yake. Ndipo ulimi unapoweza kusema, "Shangazi, nimekusikia. Nitakujibu kesho asubuhi." Sioni utovu wa adabu hapo. Naona heshima, kwa sababu jibu la kesho litakuwa la kweli.

Lakini siwezi kumwambia mkulima wa Lukozi avute pumzi tu. Kabichi inaoza, na lori likiondoka limeondoka. Yeye anahitaji mzani sokoni, msimamizi wa vipimo, na wenzake watakaokataa nundu pamoja naye, ili asibaki kubishana peke yake huku moyo ukimdunda.

Nyumbani pia mzani unawezekana. Mume na mke wakae siku ambayo hakuna anayewadai chochote, wapange kiasi cha michango ya mwaka, na wakubaliane kuwa hakuna dhamana itakayosainiwa kabla wote wawili hawajalala nayo usiku mmoja. Ndugu wengine watanuna. Wanune, nasi tuendelee kuwajulia hali.