Mtu Asiye na Nchi, Haki Yake Yatoka Wapi?

Wasomaji wetu waikumbuka habari ya Mtume Paulo alipokamatwa Yerusalemu, iliyomo katika Matendo ya Mitume, sura ya 22. Askari walikuwa wamekwisha kumfunga ili wampige mijeledi, wapate kujua kosa lake. Paulo akawajulisha ya kuwa yeye ni raia wa Rumi. Mara waliotaka kumpiga wakaondoka, na jemadari mwenyewe akashikwa na hofu kwa kuwa amemfunga raia. Wengi wakiieleza habari hii husifu busara ya mtume, nasi twaisifu. Lakini liko swali tusilolisikia mara nyingi. Kama mfungwa yule angalikuwa mvuvi wa Galilaya, asiye na uraia wa Rumi, ingalikuwaje? Mgongo wake ungaliumia vile vile, walakini mijeledi isingalizuiwa. Kilichomwokoa Paulo saa ile si kwamba yeye ni mtu, bali kwamba yeye ni raia.

Basi twauliza: haki za mtu zatoka wapi? Je, amezaliwa nazo kwa kuwa ni mtu, ama hupewa na serikali iliyoandika jina lake katika daftari?

Walio wengi watajibu upesi kwamba amezaliwa nazo. Ndivyo lilivyonena Tangazo la Haki za Binadamu, lililokubaliwa na Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nalo katika kifungu cha 15 lampa kila mtu haki ya kuwa na uraia. Jibu hili ni jema. Lakini yafaa tulipime kwa mambo yaliyotukia miaka kumi tu kabla yake.

Mwezi wa Machi 1938 serikali ya Poland ilitunga sheria ya kuwavua uraia watu wake waliokaa nchi za nje zaidi ya miaka mitano. Huko Ujerumani walikuwako Wayahudi wengi wenye hati za Poland, na wengine wao walizaliwa Ujerumani wala hawakuijua nchi nyingine. Watawala wa Ujerumani, waliokuwa wakiwachukia Wayahudi, walihofu kwamba watu hao watabaki mikononi mwao pasipo nchi ya kuwarudishia. Basi siku za mwisho za Oktoba mwaka ule wakawakamata watu wapatao 17,000, wakawapeleka mpakani na kuwasukuma wavuke. Poland nayo haikutaka kuwapokea. Maelfu wakakwama penye mji mdogo wa mpakani uitwao Zbąszyń, wengine wakilala katika mabanda ya farasi, wakati wa baridi ukiingia. Na wengi wakakaa hapo miezi kadhaa. Hawakushtakiwa, wala hapakuwa na hakimu wa kumwendea. Walikuwa watu, kila aliyewaona aliwajua kuwa ni watu, wala neno hilo halikuwafungulia mlango hata mmoja.

Tarehe 25 Novemba 1941 serikali ya Ujerumani ilitoa amri nyingine: Myahudi wa Ujerumani akaaye nje ya mipaka ya nchi uraia wake umekwisha, na mali yake ni ya serikali. Nao wengi waliosafirishwa kwa nguvu kuvuka mpaka, waende kuuawa, walihesabiwa kuwa wakaao nje. (Wauaji wale walipenda sana karatasi, kila jambo lilikuwa na namba yake na muhuri wake.)

Mwanamke mmoja aliyeyapitia mambo hayo, Hannah Arendt, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia mwaka 1933 na kukaa miaka mingi bila nchi, aliyafikiri sana katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Asema ya kuwa hata mwizi alikuwa na hali bora kuliko watu hao. Kwa maana mwizi anayo sheria inayomhusu, na hakimu wake, na siku ya kufunguliwa. Tena asema kwamba chini ya haki zote iko haki moja ya kwanza, nayo ni kuhesabiwa kuwa mmoja wa jamaa ya watu ambayo mtu aweza kuipelekea shauri lake. Aliyepoteza hiyo amepotewa na zote, hata kama hakuna sheria iliyomnyang'anya moja moja.

Wako wasikiao hayo wakasema: Basi haki ni kipawa cha serikali, na mwenye kutoa aweza kutwaa. Sisi hatukubali, na sababu yetu twaipata karibu na kwetu. Tangu miaka ya 1930 Wamakonde kutoka Msumbiji walikuja Kenya, sehemu za Kwale, kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hawakuandikwa kuwa raia. Wakazaa watoto na wajukuu huko, nao wote wakawa wageni mahali walipozaliwa. Pasipo kitambulisho, ambacho watu wa huko bado hukiita kipande, mtu hawezi kupiga kura wala kufungua hesabu benki, wala kuandikisha shamba kwa jina lake. Akikutana na askari njiani, hana la kuonyesha. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao waliondoka Kwale kwa miguu, wakashika njia ya Nairobi, wakafika mbele ya Rais, Uhuru Kenyatta. Naye akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka ule.

Sasa twauliza: watu wale walidai nini njiani? Kama haki ni kipawa tu, hawakuwa na dai lo lote. Walikuwa waombaji wa sadaka. Lakini hakuna aliyewaelewa hivyo, hata Rais. Walidai kitu kilichokuwa chao miaka zaidi ya hamsini, ila hakikuwa na mahali pa kukaa. Haki ilikuwako kabla ya kipande, na bila kipande haikuwafaa kitu. Twaona ni lazima kushika maneno yote mawili pamoja, ingawa yavutana.

Washona nao, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe wakaja Kenya kuhubiri, walingoja hata Desemba 2020, ndipo serikali ilipotangaza kuwapokea watu 1,670.

Neno moja kwa walimu na wainjilisti. Cheti cha kuzaliwa si uraia, lakini asiyeweza kuonyesha alizaliwa wapi na kwa wazazi gani ana njia ndefu ya kuufikia. Katika sharika nyingi daftari la ubatizo ndilo andiko la kwanza lenye jina la mtoto. Na mtu mzima aendaye kuomba cheti alichokosa utotoni mara nyingi huulizwa kama anacho cha ubatizo. Tumeyaona madaftari ambamo jina la mama limeachwa, na mahali pa kuzaliwa pamewekwa alama ya mkato tu.